Kinoo cha Mwanahija

Mgeni alikilowesha kinoo cha marehemu Mwanahija, akapitisha kisu juu yake, uso ukamkunjuka.

"Jiwe laini namna hii halichimbwi tena, mzee wangu. Ndiyo maana nakupa bei hii."

"Lichimbwe wapi?" Mzee Kibwana akafoka. "Wakubwa wamelifukia chimbo, wamejijengea majumba!"

"Ila hapa katikati pamelika. Nitakisaga kiwe sawa."

Mzee akanywea. Bonde lile lilitokana na mkono wa mkewe, aliyemnolea visu vyake vya buchani kila alfajiri, yeye akijivutia shuka. Hata ahsante hakumpa.

"Basi nikifunge?"

Noti zilikuwa tayari mfukoni mwa Mzee. Maji yalikuwa yametuama kwenye lile bonde. Mzee akatumbukiza kidole gumba, asikitoe.