Bisibisi ya Horace

Mfuko mmoja wa zana ulikuwa mtupu. Fundi Horace aliupapasa mara tatu. Bisibisi ameisahau ndani ya ndege ya mabomu, kwenye nyaya za usukani, na katika kitabu cha ukaguzi ameshatia sahihi kwamba ndege ni nzima.

Alitimua mbio hadi mbele ya ndege hiyo, Blenheim, iliyoanza kutembea, akapishanisha mikono juu ya kichwa. Simama!

Lakini ndivyo alivyowatania rubani na wenzake kila safari, kuwatakia heri, na mara arobaini na moja walirudi salama.

Rubani alichungulia dirishani akicheka. "Nilidhani leo umetusahau, mzee!"

"Bisibisi!" Horace alipiga kelele. Injini zikaimeza sauti.

Rubani akamwonyesha dole gumba, akamkwepa. Magurudumu yakaachana na nyasi.