Vichwa Vitatu vya Ngege

Mei alifungua mlango, nusura alikanyage bakuli.

Lilikuwa la bati, la buluu, limebambuka ukingoni. Ndani mlikuwa na vichwa vitatu vya ngege juu ya ugali uliofikichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Akalikumbatia kifuani na kufunga mlango kwa kisigino, akicheka peke yake kama mwehu.

Tangu ahamie Kaloleni, hakuna aliyembishia hodi. Watu walimsalimu, wakamchungulia, wakajadili nywele zake wakichota maji mferejini, basi. Binamu yake Wei, mwenye duka la vigae mjini, alikuwa amempa hadi Jumamosi: asipopata jirani hata mmoja wa kumkaribisha, anahamia Milimani, kwenye geti na mlinzi na kimya cha mochari. Mei alizaliwa China kwenye kichochoro ambako mmoja akikaanga pilipili, mtaa mzima unapiga chafya. Kimya kilimtia homa.

Na sasa, vichwa! Kwao mtu hapewi kichwa cha samaki ovyo ovyo. Hicho ni cha mgeni wa heshima. Yeye amepewa vitatu. Alifyonza mpaka macho.

Anayekaanga samaki hapa ni nani? Dorca, mlango wa pili. Kesho yake Mei alilijaza bakuli vifuko vya unga vyenye nyama, vilivyoiva kwa mvuke, akampelekea.

"Woi! Nyar China, binti wa China, ameniletea sambusa iliyosahau mafuta!" Dorca alipaza sauti ploti nzima isikie.

Akaonja. Akaonja tena. Kisha akalitazama bakuli tupu kwa wasiwasi. Alirudishe hivyo hivyo? Si watamsema mpaka mtaa wa Obunga! Jioni bakuli likarudi kwa Mei na ngege mzima, amejilaza kwenye nyanya.

Mei naye alirudishe tupu? Mama yake angemkana. Akapika tambi.

Tambi zikaenda, kuku akarudi. Seline wa nyumba ya kona, asiyependa kupitwa na jambo, akajitosa na mboga ya osuga iliyoungwa kwa maziwa. Bakuli likawa halitoshi, likafuatwa na sufuria nyuma. Watoto wakalisindikiza kama bibi harusi, wakipiga vigelegele.

Mzee Gurcharan, fundi mstaafu wa nyumba ya mwisho, alikuwa amerudi juzi tu kutoka kwa bintiye huko Sondu. Alipita mlango hadi mlango akiuliza jambo kwa ile sauti yake ya chini, lakini katika kelele zile nani angemsikia? Na kila jioni paka mmoja mwekundu alikuja kukaa kwenye kizingiti cha Mei, akamkazia macho kama mwenye nyumba.

"Hata paka wananipenda!" Mei alimwambia Dorca.

Jumamosi Wei alifika na pikapu ya kukodi na dereva wake. Alikuta meza zimeunganishwa uani, watu pomoni, na binamu yake katikati, amejifunga leso, anabishana na Dorca kuhusu chumvi.

"Mei, pakia vitu," Wei alisema kwa Kiswahili chake cha dukani.

"Apakie aende wapi?" Dorca akamdaka. "Huyu ni wetu. Wewe kaa hapo ule, shemeji, umekonda kama kamba ya kuanikia nguo."

Wei alikaa. Alikula. Aliongezwa. Alipofika kwenye sahani ya tatu akampungia dereva mkono: rudi na gari lako.

Ua mzima ukalipuka kwa shangwe. Mei, machozi yakimlengalenga, alipanda juu ya kigoda na kuliinua bakuli la buluu.

"Dorca, asante! Wewe ndiye uliyenikaribisha wa kwanza. Vile vichwa sitavisahau!"

Dorca akaacha kutafuna. "Vichwa gani tena? Bakuli si lako? Mimi nilikuwa nakurudishia tu."

Wakatazamana.

"Are, are! Si hilo hapo!" Mzee Gurcharan alipenya katikati ya watu, na safari hii sauti ilimtoka. "Niliporudi kutoka Sondu nililiweka pale kwenye mlango wa nyumba niliyoiacha tupu, kugeuka hivi, halipo! Haya semeni, nani alikula chakula cha paka wangu?"