Goti la Thani

Thani alipiga kelele kabla mkono wa Bi Masouda haujamfikia gotini.

"Pole, mwanangu," Bi Masouda akasema, akaendelea kujipaka mafuta ya karafuu viganjani bila haraka.

Nusu ya mtaa wa Wadi Kabir ilikuwa barazani kwake asubuhi ile. Fainali ya mitaa, dhidi ya vijana wa Ghubra, ilikuwa Ijumaa, na Thani, beki wao wa kati, alikuwa ameanguka mazoezini peke yake na kushika goti. Daktari alimpa vidonge, lakini kocha alikataa kupanga kikosi mpaka Bi Masouda aseme. Ndivyo mambo yalivyokwenda mtaani kwao. Mchuaji yule akisema mtu acheze, anacheza. Akisema akae nje, hata kocha hafungui mdomo.

Hakuna aliyethubutu kutaja kwamba jezi nambari tano ya Thani ilikuwa zamani ya Humam, mwana pekee wa Bi Masouda. Mwaka tisini na sita, kikosi cha mtaa kikiwa karibu kutajwa, Thani alimrukia Humam mazoezini kwa miguu miwili. Mguu ulivunjika vibaya, mahali ambapo hata mikono ya mamake haikufaa kitu, na mpaka leo Humam anauburura. Nyumba ya Thani iko hapo hapo, ng'ambo ya gereji, lakini hakuja kumjulia hali hata mara moja. Watu walipomuuliza, alijibu, "Mpira ndivyo ulivyo."

Maneno hayo yalimkaa Bi Masouda kooni na hayajashuka. Alimchukia Thani, na hata kwenye sala hakujidai kwamba amemsamehe.

Sasa goti la Thani lilikuwa baina ya viganja vyake. Humam alikaa pembeni mwa chumba, maana mamake hachui kijana wa kiume bila mwanawe kuwepo. Alikuwa ameugeukia ukuta tangu Thani alipoletwa.

Sauti za barazani zilipenya dirishani pamoja na harufu ya kahawa.

"Thani asipocheza, Bakhit atakabwa na nani?" Aliyeuliza ni Aws, muuza vipuri, mtu ambaye hajawahi kupiga mpira lakini hukasirika kuliko wachezaji.

"Bakhit hakabiki, yakhe," akajibu Fahd, mwenzake wa barazani. "Ghubra wamemtoa Salalah kwa ajili ya kombe hili tu. Jumatatu kacheza mara moja, kawapeleka wawili hospitali. Mmoja mpaka sasa mguu uko juu, umetundikwa."

"Nasikia anauliza beki wetu ni yupi."

"Kauliza mbele yangu. Jina, na nambari ya jezi."

"Na Jumanne sie tunampoteza Thani. Bahati gani hii?"

"Aingie Alaa."

"Alaa? Alaa akiona mpira unakuja anafumba macho."

Wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Miaka saba timu yao haijaligusa kombe.

Ndani, Bi Masouda alibonyeza chini ya pia ya goti. "Hapa?"

"Hapo hapo," Thani akasema, akikunja uso.

Akabonyeza upande wa nje. "Na hapa?"

"Hapo ndipo hasa."

Akabonyeza nyuma, palipo na nyama tupu. Thani akaruka mpaka mkeka ukasogea.

Bi Masouda akaviacha vidole palepale. Alijua kila mshipa wa mahali pale. Ingetosha kushika hapa, kusokota kule, na Thani angerudi kwao akiburura mguu kama mwenzake, na watu wangesema maskini, goti lilishaharibika kabla hajafika kwa Bi Masouda. Humam aligeuka kutoka ukutani. Alitazama mikono ya mamake, kisha akamtazama usoni, na alichokuwa akimwomba kilionekana wazi.

Thani alikuwa anatoka jasho. Akainama karibu na sikio la mchuaji.

"Bi Masouda, mie naona bora nikae nje," akanong'ona. "Sitaki kuiharibia timu. Waambie wewe, wewe watakusikia."

"Nimekusikia."

Akamchua kwa upole, muda mrefu, kama anavyochuliwa mtoto mchanga. Hakusokota wala hakubana popote. Akalifunga goti kwa kitambaa cheupe, akanyanyuka, akaenda kufungua mlango. Baraza zima likamgeukia.

"Goti zima," akasema. "Nalichukulia dhamana mie mwenyewe. Mpangeni, acheze mwanzo mpaka mwisho, na asitolewe."

Aws alimwaga kahawa yake. Waliingia wote kwa pamoja, wakamnyanyua Thani mabegani, wakatoka naye wakiimba. Thani alifungua mdomo mara mbili, lakini katika kelele zile hakuna aliyemsikiliza. Alipopitishwa mlangoni, alimtazama Bi Masouda kwa macho ya mtu anayezama.

"Mpira ndivyo ulivyo, mwanangu," Bi Masouda akamwambia.

Nyimbo zikapotelea upande wa gereji. Humam alikuwa amesimama kwa mguu wake mzima, ameshika ukuta, na machozi yanamtoka.

"Umemponya," akasema. "Katika watu wote, mama, huyu ndiye wa kumponya?"

Bi Masouda aliinamia beseni, akanawa mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Nimponye nini? Goti lile limeingia humu zima," akasema. "Ijumaa utanipeleka mpirani. Nnataka nikae karibu na Bakhit."