Uji wa Mama wa Watu

Semeni alikuwa akimlisha uji mama wa watu, huku mama yake mzazi akikohoa nyuma ya ukuta.

Ndivyo mji ulivyotaka. Kila mtu mzima alivaa bangili, na kila siku alipaswa kujitolea mpaka bangili igeuke kijani. Jioni ikiikuta haijawa kijani, bomba la nyumbani kwake halitoi maji. Kumhudumia mzazi wako hakukuwa kujitolea. Basi Semeni na jirani yake Tabu walipatana: huyu amtunze mama wa yule, na yule amtunze mama wa huyu. Wakajiona wajanja.

"Mama yako huyo anakohoa," alisema Bi Mkasi, mama yake Tabu, akikisukuma kijiko. "Nenda kamwone, mwanangu."

"Nikitoka hapa bangili inaanza upya, na jana tulilala bila maji. Tabu yuko naye."

"Tabu si wewe."

Semeni aliukoroga uji, akaupuliza. Kikohozi kilizidi, kikakwama, kisha kikanyamaza. Upande wa pili kiti kikaanguka.

"Mama!" Tabu alipiga yowe. "Mama! Amka, mama!"

Lilikuwa yowe la mtoto wa kumzaa. Semeni aliinuka nusu, akautazama mkono wake. Bangili ilikuwa ya manjano, imebakiza kidogo tu kuwa kijani.

Akakaa tena.

"Fungua mdomo, mama," alisema, na kijiko kikagonga meno ya Bi Mkasi.