Mgonjwa Juu ya Sukari

"Lala kifudifudi, Baba Mustapha. Ukiulizwa, sema miguu imekufa ganzi kuanzia kiunoni."

Shomari alipanda kitandani taratibu, kama mtu anayepanda juu ya mayai. Chini ya godoro la sufi kulikuwa na magunia matatu ya sukari. Mwaka ule wa msako wa bidhaa zilizofichwa, gunia moja lilitosha kumpeleka mwenye duka jela. Bushiri, mwenye duka wa Bonga, alizika yake shambani. Sisimizi wakapanga mstari mpaka shimoni, mgambo wakaufuata mstari.

"Kwa nini nisiumwe kichwa tu?"

"Anayeumwa kichwa huambiwa ahamie kwenye kiti," alijibu mkewe, Tunu.

Tunu hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliutangaza ugonjwa sokoni, kisimani na kwa majirani wote wa Maisaka. Watu walileta uji usio na sukari, wakaomba radhi kwa hilo. Shomari aligumia vizuri. Wageni wakiondoka, aliruka kitandani akaenda uani kucheza bao.

Wiki ya pili aliacha kuruka. Akaomba kopo la kukojolea.

"Ganzi imefika mapajani," alisema, nao wakiwa wawili tu.

"Vizuri. Ila mbele yangu pumzika. Mimi sijalipa kiingilio."

Sisimizi nao waliugundua utamu. Walipanda kwa kupitia miguu ya Shomari, wakimng'ata wapendavyo. Hakujikuna. Tunu aliwapangusa kwa kitambaa, akamsifu kwa uvumilivu.

Kisha akamwita daktari, ili awe shahidi. Daktari aligonga magoti, akakwaruza nyayo, akakunja uso.

"Huenda uti wa mgongo umevimba kwa ndani. Sina hakika, lakini msichelewe. Mpeleke hospitali ya Moshi wiki hii."

Tunu alikwenda kuchekea jikoni. Hata daktari!

"Mama Mustapha, twende Moshi," Shomari alisema jioni ile.

"Tukienda, nani atalalia sukari?"

Mgambo walikuja asubuhi iliyofuata, wakaanza na duka, wakamalizia chumbani. Kiongozi wao, kijana aitwaye Damasi, alishika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia ili kujua kilichomo.

"Shikamoo, Mama Mustapha."

"Marahaba. Polepole, kuna mgonjwa."

"Mwezi huu kila mwenye duka ana mgonjwa. Kule Nakwa kuna mama yuko kwenye uchungu wa uzazi tangu mwezi uliopita."

Wenzake wakacheka. Damasi alikizunguka kitanda, akasimama miguuni.

"Mwenye ganzi hasikii chuma, au siyo?"

Shomari alizika uso kwenye mto. Tunu alimjua mumewe: mtu huyu alizimia siku ya kuchanjwa ndui. Alianza kuwaza nani atamlea Mustapha wao wakiwa jela.

Damasi alizamisha ncha ya bambo kwenye unyayo wa mgonjwa. Damu ikachuruzika mpaka kwenye shuka.

Mguu haukutikisika.

Damasi akavua kofia. "Nisamehe, mama. Pole sana." Wakatoka kimyakimya, kama watu wanaotoka msibani.

Tunu alitia komeo mlangoni, akarudi mbio, akambusu mumewe kisogoni.

"Leo umekuwa simba! Wameshakwenda. Amka sasa, kazi umeimaliza."

Shomari aliinua uso kutoka kwenye mto, jasho likimtiririka.

"Alhamdulillahi, yule kijana kabadili nia," alisema. "Angenichoma, ningepiga yowe likasikika mpaka sokoni."