Karatasi ya Asmahani

Karatasi iligeuka zambarau mbele ya majirani.

Tulikuwa tumewaalika kumpongeza binti yangu Asmahani, mkemia aliyepewa tuzo kwa kubuni karatasi hiyo. Ikimgusa samaki aliyetiwa dawa ya kuhifadhia maiti, inabadilika rangi.

"Hebu mpime kolekole wa baba yako, tule kwa amani," mama muuza vitumbua alimtania.

Nilicheka nao. Samaki walitoka mezani kwangu sokoni, na dawa niliwatia mwenyewe, kama ninavyowatia wa wateja. Nilishawaosha kwa ndimu, nikadhani inatosha.

Asmahani akamgusisha samaki mmoja karatasi; ilipogeuka rangi, akanitazama. Akaikunjakunja karatasi kiganjani.

"Hii imeharibika, mama. Iliingia unyevu njiani."

"Kumbe wamekupa tuzo ya karatasi mbovu!" mama muuza vitumbua akadakia.

Wote wakaangua kicheko. Mwanangu akainamisha kichwa.

"Baba Asmahani, mafuta yamechemka," mke wangu aliita. "Lete hao samaki."

Nikabeba beseni. Nikampita mke wangu bila kusimama, nikaenda kuwamwaga kwenye shimo la taka, huku vicheko vikikatika kimoja kimoja nyuma yangu.