Jino la Shehoza

Kila Novemba, wazee wa miaka sabini na zaidi huchagua bima ya afya kwa ngumi. Mzee humpiga mwanawe usoni mbele ya karani. Akimtoa damu, huchagua bima aitakayo. Asipomtoa, huambulia panadoli na pole.

Bi Mwatabu alikunja ngumi yake dhaifu ya kizee.

"Piga, mama," alisema Shehoza, mwanawe. "Usinionee huruma!"

Akapiga. Shehoza akaanguka chali, akatema damu na jino.

"Chagua, bibi," karani alisema.

Bi Mwatabu alichagua bima kubwa, akatoka amevimba kichwa. Nje, akitafuta leso mfukoni mwa mwanawe amfute, akashika koleo dogo lililolowa damu.

"Tangu mwaka gani, mwanangu?"

Shehoza akatabasamu kwa mapengo yake yote. "Twende, mama. Tuwahi dawa zako."